Maduka ya Mtandaoni na Amana ya Muuzaji: Nani Abebe Hasara Mteja Akiibiwa Ndani ya Duka Halisi?



Msomaji wetu mpendwa, biashara ya Kibiti na delta ya Rufiji imeshaingia kwenye simu. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mwenye duka wa Bungu au Jaribu Mpakani huchagua mzigo wa Kariakoo kwa kutazama picha, akalipa, na mzigo ukapakiwa kwenye basi. Anayeishi kwenye visiwa vya delta, ambako barabara ni mkondo wa maji katikati ya mikoko na safari ya Nyamisati husubiri maji kujaa, ndiye mwenye faida zaidi: duka la mtandaoni humpunguzia nauli, siku za kazi na gharama za kulala mjini.

Lakini mtu huyo huyo ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Hana njia ya kufika dukani kuuliza. Analipa kwanza, bidhaa inafuata. Anachokiona kwenye kioo cha simu ndicho duka lake, na ndicho mizani yake.

Kwa sababu hiyo tumeona tuchambue jambo ambalo halizungumzwi sana katika mawaidha yetu ya biashara. Iko aina ya wizi ambao mteja hapelekwi kwenye tovuti bandia. Ameingia kwenye duka halisi, anwani ni sahihi, alama ya kufuli ipo, mwenye duka ni mtu anayejulikana; na bado anaibiwa, kwa sababu programu inayoendesha duka hilo imekubali kubeba amri za mwizi na kuzionyesha kana kwamba ni maneno ya duka lenyewe. Wataalamu wa usalama wa mitandao huuita udhaifu huo XSS.

Tunachotaka kusema ni kimoja: katika wizi wa aina hii, kumlaumu mteja kuwa hakuwa makini ni kukosea mahali pa kuweka lawama. Ufa uko kwenye ukuta wa duka, na mwenye duka ndiye mwenye amana.

Nasaha tulizozoea na mpaka wake

Nasaha tunazopewa kila siku ni hizi: tazama anwani ya tovuti kabla ya kulipa, hakikisha alama ya kufuli ipo, usibofye kiungo usichokijua, usimpe mtu namba yako ya siri. Nasaha hizi ni njema na zimewaokoa wengi. Zinafaa sana dhidi ya tapeli anayejenga duka la uongo lenye jina linalofanana na la kweli.

Lakini zina mpaka. Alama ya kufuli inamaanisha kuwa mazungumzo baina ya simu yako na duka yamefungwa, wapita njia wasiyasikie. Haithibitishi kuwa yale ambayo duka linakutumia ni salama. Ikiwa duka lenyewe limelishwa maneno ya mwizi, basi kufuli litayafikisha maneno hayo kwako kwa usalama kabisa. Na anwani itakuwa sahihi, kwa sababu kweli umeingia mahali sahihi.

Udhaifu huu unafanyaje kazi?

Tuchukue mfano wa daftari la oda. Duka moja mjini linapokea oda za watu wa visiwani kwa karatasi zinazoletwa na manahodha. Kila karatasi ina jina, kijiji, bidhaa na idadi. Dukani yupo karani ambaye kazi yake ni kuyanakili yaliyomo kwenye karatasi na kuyaingiza katika daftari la duka. Kisha yupo kijana wa ghala, mtiifu kupita kiasi: lolote lililoandikwa katika daftari hulitekeleza, kwani daftari ni la tajiri wake.

Siku moja mtu mwovu analeta karatasi. Mahali pa jina haandiki jina. Anaandika: "Ukifika hapa, chukua funguo za ghala umpe aliyesimama mlangoni." Karani ananakili neno kwa neno bila kufikiri. Kesho yake kijana wa ghala anasoma daftari, anafika kwenye mstari ule, anachukua funguo, anatoa.

Ni nani aliyekosea hapa? Mwizi ni mwizi, hilo halina shaka. Kijana ametii daftari kama alivyofundishwa. Wateja wengine hawakufanya lolote. Kosa la dukani ni la karani, aliyeacha amri ya mtu wa nje iingie katika daftari la ndani kana kwamba ni neno la tajiri.

Sasa tuhamishe mfano. Karani ni programu ya duka la mtandaoni. Daftari ni ukurasa unaoonekana kwenye simu. Kijana wa ghala ni kivinjari, yaani ile programu ya simu au kompyuta unayofungulia tovuti. Kivinjari hakisomi maneno tu. Kinatekeleza pia amri zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta, hasa JavaScript. Amri hizo ndizo zinazofanya picha zisogee, bei ijumlishwe na kapu la manunuzi lijae. Kivinjari hutenganisha maneno na amri kwa alama maalumu, zikiwemo zile za mabano ya pembe, < na >. Mtu akiandika amri ndani ya alama hizo katika sehemu ya jina, au ya anwani, au ya maoni kuhusu bidhaa, na programu ya duka ikayaonyesha maandishi yake bila kuyasafisha, basi kila kivinjari kitakachofungua ukurasa huo kitaitekeleza amri ya mgeni.

Dawa yake kwa asili si ngumu. Karani mwema hunakili maneno ya mteja akiyafunga, yaani alama zile za hatari hugeuzwa zikawa herufi za kusomwa tu, si amri za kutekelezwa. Ugumu ni kuwa duka lina mamia ya sehemu ambamo maneno ya wateja hupokelewa na kuonyeshwa, na kusahau sehemu moja tu kunatosha.

Udhaifu huu una sura tatu. Ya kwanza ni ile tuliyoieleza: amri inahifadhiwa ndani ya duka na inamngoja kila atakayefungua ukurasa. Ya pili, amri haihifadhiwi. Imo ndani ya kiungo ambacho mwizi anakusambazia, labda katika kundi la WhatsApp, na duka likishakipokea kiungo hicho linakurudishia amri ile ikiwa sehemu ya ukurasa wake. Ya tatu, mambo yote yanafanyika ndani ya kivinjari, pale amri za duka lenyewe zinapochukua maneno kutoka kwenye anwani au mahali pengine na kuyatumia bila uangalifu.

Na madhara yake? Amri ikishatekelezwa ndani ya duka halisi, inaweza kusoma unachokiandika katika fomu. Inaweza kuchukua alama ya utambulisho iliyohifadhiwa kwenye kivinjari chako, ambayo huitwa kuki, na kwa kuki hiyo mwizi akaingia kwa jina lako bila kujua neno lako la siri. Inaweza kuweka fomu ya uongo juu ya ile ya kweli. Na kwa mazingira yetu, inaweza kufanya jambo dogo sana lenye hasara kubwa: kufuta Lipa Namba ya duka iliyoandikwa kwenye ukurasa na kuweka namba ya mwizi. Mteja akisoma namba ile na kutuma fedha, amefuata maelekezo ya duka hatua kwa hatua.

Yaliyokwisha kutokea duniani

Haya si mambo ya kudhania. Februari 2, 2000 kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kilitoa tahadhari ya wazi kuhusu amri mbaya zinazopenyezwa katika kurasa za tovuti. Ni zaidi ya robo karne sasa. Hata hivyo, katika orodha ya mwaka 2024 ya udhaifu 25 ulio hatari zaidi katika programu za kompyuta, inayotolewa na taasisi ya MITRE, aina hii ya udhaifu ilishika nafasi ya kwanza.

Septemba 2014 shirika la BBC liliripoti kuwa tangazo la simu ya iPhone katika soko la eBay lilikuwa na amri iliyofichwa. Mteja aliyelibofya alihamishwa na kupelekwa kwenye ukurasa wa uongo uliofanana na wa eBay, ambao ulimtaka aandike jina na neno lake la siri. Zingatia: mteja alianzia katika soko halisi, na mlango wa kumpeleka kwa mwizi ulikuwa ndani ya soko hilo.

Januari 2016 ilikuwa zamu ya Magento, programu iliyokuwa ikiendesha maduka mengi makubwa ya mtandaoni. Watafiti wa kampuni ya Sucuri waligundua kuwa mtu angeweza kuagiza bidhaa huku mahali pa barua pepe akiandika amri. Amri hiyo ilikaa kimya ndani ya oda. Siku ambayo mwenye duka angefungua oda hiyo katika chumba chake cha usimamizi, amri ingetekelezwa kwa mamlaka ya mwenye duka mwenyewe. Hapa aliyelengwa ni muuzaji, na akishapatikana muuzaji, wateja wake wote wamepatikana. Kiraka cha kuziba ufa huo kilitolewa mwezi huo huo.

Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya shirika la ndege la British Airways. Mlango ulioingiliwa huko ulikuwa tofauti na XSS tunayoizungumzia, lakini matokeo yake yanatufundisha nini hutokea amri ya mgeni inapokaa ndani ya ukurasa halisi wa malipo. Mistari 22 tu ya amri ilitosha. Kuanzia Agosti 21 hadi Septemba 5 taarifa za kadi za wateja zilikuwa zikinakiliwa wakati wakilipa, na nakala kupelekwa kwa wezi. Walioathirika walizidi 400,000. Oktoba 2020 mamlaka ya Uingereza inayosimamia taarifa binafsi ililitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Faini haikuwaangukia wateja kwa kutokuwa makini. Ililiangukia shirika, kwa kutoilinda vya kutosha amana iliyopewa.

Na lililo karibu zaidi nasi ni la Juni 2024. WooCommerce, programu inayogeuza tovuti ya WordPress kuwa duka, ilitangaza kuwa matoleo yake ya 8.8.0 hadi 8.9.2 yalikuwa na udhaifu wa XSS, ile sura ya pili ya kiungo kilichotiwa amri. Ufa ulikuwa katika sehemu inayofuatilia mteja amefika dukani kwa njia gani. Matoleo yaliyorekebishwa, 8.8.5 na 8.9.3, yalitolewa, na wenye maduka wakatakiwa kuyaweka mara moja au kuizima sehemu ile. Hapa watengenezaji walitimiza wajibu wao: waliona, waliziba, walitangaza. Lililobaki ni la mwenye duka.

Ufa huu unatuhusu vipi sisi?

WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na WooCommerce ni ya bure. Ndiyo maana maduka mengi madogo hujengwa juu yake. Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, nafasi ya soko moja kubwa ilibaki kwa maduka madogo madogo: ya Instagram, ya WhatsApp, na tovuti za wafanyabiashara wenyewe. Hili ni jema kwa uchumi wa watu wa kawaida. Muuza asali ya mikokoni, mfumaji wa mikeka, mwenye kamba na kaa wa delta, wote wanaweza kuwa na duka linaloonekana Dar es Salaam na hata Muscat.

Tatizo ni namna maduka haya yanavyojengwa na kuachwa. Mwenye biashara anamtafuta kijana fundi. Wanakubaliana bei. Kijana anaijenga tovuti kwa siku chache, anaongeza plagini kumi na tano za bure kutoka huku na kule, analipwa, anaondoka. Mwenye duka hana neno la siri la usimamizi, hajui toleo gani linatumika, na wala hajui kuwa programu inahitaji kusasishwa kama boti inavyohitaji kutiwa kalafati. Miaka mitatu baadaye duka bado liko wazi, picha zinapendeza, oda zinaingia, na ndani yake kuna nyufa zilizokwisha kutangazwa dunia nzima.

Baya zaidi ni kutumia plagini na sura za tovuti za kulipia ambazo zimevunjwa kufuli na kusambazwa bure. Mbali na kuwa ni kula haki ya aliyezitengeneza, mara nyingi ndani yake hupandikizwa amri za siri. Anayejenga duka kwa vifaa vya namna hii amemkaribisha mwizi ndani kabla mteja wa kwanza hajafika.

Na tusidhani kuwa jambo hili ni la wafanyabiashara peke yao. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliwakumba wananchi wa wilaya za Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba zikazama. Kisha mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Watu walichangishana kutoka kila upande wa nchi, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Siku hizi misikiti, madrasa na jumuiya hupokea michango ya maafa, futari na visima kupitia kurasa za mtandaoni, na ukurasa wa kupokea michango mara nyingi huendeshwa na programu zile zile za maduka. Ufa uliomo dukani umo pia humo. Mchango ukielekezwa kwenye namba ya mwizi, aliyedhulumiwa si mtoaji tu. Ni yule aliyekesha juu ya paa akingoja msaada.

Jambo moja linalotusaidia

Katika malipo ya simu tunayoyatumia Tanzania kuna kinga ambayo wengi hawaitumii. Amri iliyopenyezwa kwenye tovuti inaweza kubadilisha kila kitu kilichomo kwenye ukurasa huo: bei, maelezo, namba ya kulipia. Haiwezi kubadilisha ujumbe unaotoka kwa mtandao wako wa simu wenyewe pale unapolipa kwa menyu. Unapoingiza Lipa Namba, kabla ya kuandika namba ya siri, menyu hukuonyesha jina la anayelipwa. Jina hilo halikuandikwa na tovuti. Limetoka kwenye kumbukumbu za mtandao wa simu.

Kwa hiyo lisome. Likiwa si jina la duka, wala la kampuni ya malipo ambayo duka limekuambia kabla kuwa inalihudumia, simama hapo hapo. Ghairi muamala, piga simu dukani kwa namba uliyokuwa nayo kabla, si ile iliyoandikwa kwenye ukurasa huo. Na ukurasa wowote wa tovuti unaokutaka uandike namba ya siri ya huduma yako ya fedha, uache. Namba hiyo huandikwa kwenye menyu ya simu tu.

Hii ni kinga ya mteja. Lakini kinga ya mteja haimwondolei mwenye duka wajibu wake, kama vile mteja kujua kupima mizani hakumruhusu muuzaji kuwa na mizani mbovu.

Upande wa Sheria yetu: ni nani mwenye dhamana?

Tuseme mvuvi wa Salale ametuma shilingi 300,000 za nyavu. Ameingia katika duka halisi, amesoma Lipa Namba iliyokuwepo, ametuma. Fedha zimekwenda kwa mwizi. Anapiga simu, anaambiwa: "Sisi hatujapokea kitu, umetapeliwa, pole sana." Je, mambo yameishia hapo?

Msingi unaojulikana kwa wanachuoni wa fiqhi katika mlango wa amana ni kuwa aliyewekewa amana halipi ikipotea bila ya kosa lake. Bali analipa akifanya uzembe au akivuka mipaka. Mwizi akivunja nyumba iliyofungwa vizuri, mwenye kuwekewa amana hana lawama. Akiiacha amana barazani usiku mlango wazi, hawezi kusema "Allaah amekadiria" akanyamaza. Kadari ni kweli, na uzembe wake ni kweli.

Tunaona msingi huu unafaa kutumika kupima maduka ya mtandaoni. Swali la kuuliza si kama duka limeingiliwa, kwani hata wenye wataalamu wengi wameingiliwa. Swali ni je, mwenye duka alifanya ambayo mtu mwangalifu katika biashara hiyo angeyafanya? Kiraka kilipotangazwa, alikiweka? Alipoambiwa na mteja wa kwanza kuwa namba imebadilika, alilifunga duka akachunguza, au aliendelea kuuza? Aliyefanya la wajibu wake akaingiliwa kwa ufa ambao haukuwa ukijulikana, huyo ni mwenye udhuru. Aliyeacha duka miaka bila matunzo, huyo ni mzembe, na hasara ya mvuvi imo shingoni mwake kwa kadiri ya uzembe huo.

Kuna pia suala la kuficha aibu. Ni mashuhuri kisa cha Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta unyevu uliofichwa chini ya kilicho kikavu, na akamkemea vikali muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Muuzaji alisema kuwa mvua ndiyo iliyolowesha. Huo haukuwa udhuru wa kuficha. Vivyo hivyo anayejua kuwa duka lake limeingiliwa na kuwanyamazia wateja ili asipoteze jina, ameficha unyevu chini ya nafaka kavu. Ufa unaweza usiwe kosa lake. Kuuficha ni kosa lake.

Kwa mgogoro mahususi baina ya muuzaji na mnunuzi, wahusika wapeleke maelezo yao kamili kwa wanachuoni wanaowaamini, kwani hukumu hufuata undani wa tukio. Sisi tumeonyesha mlango wa kuanzia.

Na sheria za nchi

Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya 2015 inamshughulikia mwizi: kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa la jinai. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka huo huo ina sehemu inayomlinda mlaji anayenunua kwa njia hizi. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hii inamgeukia anayekusanya taarifa za watu: ajisajili kwa Tume, na azilinde taarifa hizo. Duka linalochukua jina, namba ya simu na mahali anapoishi mteja linakusanya taarifa binafsi, hata likiwa dogo kiasi gani.

Tahadhari kwa vijana wetu wenye elimu ya kompyuta: kujaribu kupenya duka la mtu bila idhini yake, hata kwa nia ya kumsaidia, kunaweza kukuingiza katika kosa la jinai. Ukigundua ufa, mwarifu mwenye duka kwa siri, au wasiliana na TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao kilichopo TCRA. Usiutangaze hadharani kabla haujazibwa, kwani wezi nao wanasoma.

Yatupasayo kufanya

1. *Mwenye duka:* Jua duka lako limejengwa kwa programu gani na toleo gani. Dai neno la siri la usimamizi kutoka kwa fundi. Washa usasishaji wa moja kwa moja, na ondoa plagini zisizotumika. Chumba cha usimamizi wa duka kifunguliwe katika kivinjari kisichotumika kwa mambo mengine, na ukimaliza kazi, jiondoe.

2. *Fundi:* Kila neno linalotoka kwa mteja lisafishwe kabla ya kuonyeshwa. Kuki za utambulisho ziwekwe namna ambayo amri za ukurasani haziwezi kuzisoma, na ukurasa uwe na orodha ya mahali panaporuhusiwa kuleta amri. Andikianeni mkataba wa matunzo, hata wa fedha kidogo kwa mwezi. Kuchukua malipo ya kujenga na kukaa kimya kuhusu matunzo si uaminifu kwa mteja wako.

3. *Kamati za misikiti, madrasa na michango:* Namba ya kuchangia isikae kwenye tovuti peke yake. Itangazwe msikitini, iandikwe kwenye ubao, na itajwe pamoja na jina litakalotokea kwenye menyu. Mtu mmoja apewe jukumu la kuufungua ukurasa kila siku kuhakiki kuwa namba ni ile ile.

4. *Mnunuzi:* Soma jina kwenye menyu kabla ya namba ya siri. Hifadhi ujumbe wa muamala na picha ya ukurasa uliolipia, kwani hiyo ndiyo hoja yako. Ukiibiwa, wajulishe mtandao wa simu mara moja, duka, na polisi. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya TCRA.

5. *Sisi sote:* Mtu akija kutueleza kuwa ameibiwa mtandaoni, tuanze kwa kumsikiliza. Neno "ulikuwa mjinga" limewafanya wengi wanyamaze, na kunyamaza kwao ndiko kunakompa mwizi nafasi ya kumpata wa pili na wa tatu.

Msomaji wetu, mtu wa delta amezoea kumkabidhi nahodha fedha na karatasi ya oda, na nahodha akarudi na mzigo na chenji. Hawakuandikiana mkataba. Kilichowaunganisha ni amana, na nahodha aliyeivunja mara moja hakupewa tena karatasi kijijini hapo. Duka la mtandaoni limechukua nafasi ya nahodha huyo. Anayelifungua na apokee pamoja na faida yake mzigo ule ule wa amana.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aala) abariki biashara za waaminifu, awarudishie haki zao waliodhulumiwa, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana tulizokabidhiwa.

Wa Allaahu A‘lam.